Karata za taroti za kuchorwa: nani kashasomewa? Tupeane uzoefu

MchoraMabango:
Wadau salaam. Leo napanga kabati nikakuta pakiti yangu ya taroti, zile karata za picha za kutazamia, basi mambo kibao yakanirudia. Si ile ya 1909 aliyochora Pamela Colman Smith ambayo kila mtu kashaiona, hino ni ya msanii wa kujitegemea, kachora zote 78 kwa rangi ya maji, kachapisha kwa pesa yake na hakuandika jina kwenye karata hata moja. Ndo utamu na ndo balaa, manake anayesomewa hajui kama hiyo ni karata ya Mnara au ni nyumba ya watu yateketea tu, yuwatazama rangi anasema lililo moyoni mwake. Nilimsomea jamaa mmoja pale Lighthouse, Mombasa, tukila mihogo, ikatoka karata ya mwanamke kakaa kizani. Mie nikaona kalala. Yeye akasema "huyu mamangu ananingoja", akanyamaza mpaka mihogo ikapoa. Nyinyi je?

BintiKibokoni:
Kweli tupu. Zile zisizoandikwa ndo hukufungua mdomo.

AbuMakadara:
Astaghfirullah. Mwapiga ramli mchana kweupe.

FundiSimu:
Abu, mtaani kwenu pana mzee apiga bao la mchanga miaka yote, mbona yeye hujamwambia kitu?

AbuMakadara:
Yule ana elimu yake.

FundiSimu:
Haya, ya mchanga elimu, ya karatasi shirki 😂

MamaWawili:
Ngojeni kwanza niwahadithie mie. Wiki mbili kabla ya harusi yangu shoga yangu tangu chuoni akaja na pakiti kama hiyo hiyo, kasema anisomee kabla sijafungiwa ndani kwa singo. Karata tatu. Ya kwanza vikombe, watu wacheza, tukacheka. Ya pili mtu juu ya farasi mweupe, nikashtuka nikajua ndo mauti yangu, akanambia hapana, hiyo ni jambo kwisha na jengine kuanza. Ya tatu moyo mwekundu umechomwa panga tatu, na yule mchoraji kaiachia rangi ichuruzike mpaka chini ya karata kama damu mbichi. Nikamuuliza maana yake nini, kimya. Kumtazama, yuwalia. Mie nikadhani kaona nakufa, nikapiga ukelele, mamangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, na hapo hapo mbele ya mamangu akasema "nisamehe, ni mie na yeye, tangu Ramadhani". Yeye nani? Bwana harusi!! Jamani karata haikutabiri kitu, ile rangi ndo iliyomshinda kuitazama. Na mbuzi wanne wa pilau washafungwa uani, nao walia.

BintiKibokoni:
Ya Rabi 😳

KijanaWaLikoni:
Pole dada. Msamehe, alisema mwenyewe, wengine wangekuja na zawadi mpaka ukumbini.

BintiKibokoni:
Amsamehe nini? Weye ndo ungesamehe?

FundiSimu:
Sasa mbuzi?

MamaWawili:
Tuliwala Idi ya mfunguo tatu.

MzeeWaBaraza:
Poleni, lakini hilo la shirki nina neno. Sie tuliokaa barazani tukicheza karata twasema kopa, uru, shupaza, pau. Hayo ni majina ya Kireno: copas vikombe, ouros dhahabu, espadas panga, paus fimbo. Basi ndo mafungu manne ya taroti hayo hayo, mmekuwa mkiyashika mikononi tangu udogo na hamkujua. Yenyewe ilianza Italia karne ya 15, mchezo tu kama michezo mengine ya karata, mambo ya kutazamia yakaja kupata umaarufu Ufaransa karne ya 18. Huyo mtoto wa watu hakuchezea jini.

AbuMakadara:
Wareno walituletea na Fort Jesus, kwa hiyo tuhamie humo?

MzeeWaBaraza:
La, twawatoza watalii kiingilio.

KaskaziTupu:
Mie swali langu dogo, zangu zimeshikana kwa huu unyevu, Jua limegandana na yule wa farasi hazibanduki, nikisomea mtu zatoka pamoja najifanya nina maelezo 😂 nifanyeje?

BintiKibokoni:
Zifukize ubani.

MchoraMabango:
Usithubutu, moshi utazigeuza manjano. Poda ya keram, kidogo tu, kisha uzifute kwa kitambaa kikavu.

KijanaWaLikoni:
Poda yenyewe kwa unyevu huu itakuwa uji. Weka kwenye mkebe wa mchele.

AbuMakadara:
Weka baharini.

MchoraMabango:
MamaWawili, ile pakiti aliichukua?

MamaWawili:
Ninayo mie, aliiacha sakafuni. Ziko 77. Ile ya moyo alitoka nayo mkononi, sikumdai.