Uzao wa Babu Elieza: Neema ana mtihani Alhamisi

Jumanne, saa 1:40 usiku

Neema: Shikamooni wote. Bamkubwa upo? Alhamisi nina mtihani wa historia, na swali la kuibuka kwa udikteta na vita kuu ya pili lazima liwepo. Mtihani wenyewe Kiingereza ila nikieleweshwa kwa Kiswahili ndiyo inaingia

Shangazi Ruth: Marahaba mwanangu. Kabla hamjaanza, mchango wa harusi ya Amani wametoa watu 6 kati ya 19. Nasema tu.

Kaka Goddy: Shangazi, udikteta haujaibuka ushaanza kudai 😂

Bamkubwa Elia: Marahaba Neema. Nipo. Andika kwanza ulichonacho, tuone.

Neema: Sababu za udikteta Ujerumani: 1. Mkataba wa Versailles (ule wa 1919 baada ya vita kuu ya kwanza) 2. Mfumuko wa bei 3. Mdororo wa uchumi 4. Udhaifu wa serikali ya Weimar (iliyokuwepo kabla ya Hitler) 5. Hitler alijua kuhutubia. Halafu 1933 Hitler akachukua nchi

Bamkubwa Elia: Hizo tano sawa, utapata maksi zako. Ila hapo mwisho, "akachukua nchi". Kwa nani? Kwa njia gani?

Neema: Si alipindua?

Kaka Goddy: Hakupindua, alichaguliwa. Wajerumani wenyewe walimpa kura za kishindo. Niliona kwenye video moja

Bamkubwa Elia: Wote wawili mmekosa. Subirini nitafute miwani.

Mama Neema: Neema chakula kipo mezani

Neema: Nakuja mama

Bamkubwa Elia: Kupindua alijaribu, Novemba 1923, Munich. Akashindwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5, akakaa ndani kama miezi 9 tu. Alipotoka akaamua atapitia kwenye kura. Sasa angalia kura zenyewe. 1928 chama chake, Wanazi, kilipata viti 12 bungeni. Kumi na viwili tu! 1930 viti 107. Julai 1932 viti 230, asilimia 37. Hapo ndipo kilele chake kwenye uchaguzi huru, hakuwahi kufika nusu. Halafu Novemba 1932 wakarudia uchaguzi, akashuka hadi viti 196.

Kaka Goddy: Kwa hiyo alikuwa anaporomoka?

Bamkubwa Elia: Ndiyo. Amepoteza kura kama milioni 2 ndani ya miezi minne, chama kina madeni. Na tarehe 30 Januari 1933 akaapishwa kuwa Kansela, yaani mkuu wa serikali.

Baba Neema: Sasa kaka, anayeporomoka anapewaje nchi?

Bamkubwa Elia: Ndilo swali. Mtihani hauliulizi vizuri, lakini Neema ukilijibu hilo mwalimu atasimamisha kalamu.

Shangazi Ruth: Mimi kabla ya hapo nataka kujua kutoka 12 hadi 230 ilikuwaje. Mfumuko wa bei, si ndiyo? Sokoni hapa nyanya zikipanda tu watu wanataka kupigana.

Bamkubwa Elia: Wengi wanachanganya hapo Ruth. Mfumuko ule mkubwa ni wa 1923. Mwezi Novemba dola moja ya Marekani ilifika marki trilioni 4.2. Watu walilipwa mshahara wakakimbia nao dukani mchana huohuo, maana jioni haununui kitu. Mtu aliyeweka akiba miaka 30 aliamka akakuta haitoshi hata stempu ya barua.

Shangazi Ruth: Mungu wangu. Na vikoba?

Bamkubwa Elia: Vikoba vyote vimekufa. Lakini Neema, huo ni 1923, na hesabu inaonyesha hata 1928 Hitler bado ana viti 12. Kwa hiyo mfumuko peke yake haukumpeleka ikulu. Ulichofanya ni kuwatia watu hofu isiyotoka. Kilichompandisha ni 1929, soko la hisa la New York lilipoanguka. Ujerumani ilikuwa imejiinua kwa mikopo ya Marekani, ile mikopo ikadaiwa irudishwe. 1932 wasio na kazi wamefika milioni 6. Andika kwa mpangilio huo: jeraha ni Versailles na 1923, chumvi ni 1929.

Neema: Naandika 🙏 Versailles niweke nini ndani?

Baba Neema: Weka kwamba walinyang'anywa makoloni yote. Sisi tulikuwa mali yao, Tanganyika ikapelekwa kwa Mwingereza kama ng'ombe wa mahari.

Bamkubwa Elia: Ndiyo, na jeshi lisizidi askari 100,000, na fidia ya marki za dhahabu bilioni 132 iliyopangwa 1921, na kifungu cha 231 cha kuwabebesha lawama ya vita. Endelea kula kwanza.

Saa 2:25 usiku

Neema: Nimerudi. Nani alimpa nchi?

Bamkubwa Elia: Rais alikuwa Hindenburg, jenerali mzee wa miaka 85. Hakumpenda Hitler hata kidogo. Lakini pembeni yake kulikuwa na mabwana wakubwa, kiongozi wao Franz von Papen, aliyekuwa Kansela akatolewa. Huyu alikuwa na kinyongo na aliyemfuata. Akamwambia mzee: tumpe Hitler ukansela, mimi niwe makamu, baraza tulijaze watu wetu. Na kweli, baraza la kwanza Wanazi walikuwa watatu tu pamoja na Hitler mwenyewe. Papen alidhani amemnunua mbwa wa kulinda geti.

Kaka Goddy: Akanunua chui

Bamkubwa Elia: Hao watatu waangalie. Mmoja Kansela, mmoja waziri wa mambo ya ndani, na Göring akashika polisi wa Prussia, ambayo ni zaidi ya nusu ya nchi. Papen alihesabu viti, Hitler alihesabu polisi.

Baba Neema: 😳

Bamkubwa Elia: Februari 27 jengo la bunge likaungua. Kesho yake Hindenburg akasaini amri ya kufuta uhuru wa kusema, wa magazeti, wa kukusanyika, na polisi wanakamata bila kesi. Machi wakapiga kura askari wa chama wakiwa mitaani, na HATA HIVYO Hitler akapata asilimia 44 hivi. Machi 23 akapeleka sheria ya kumruhusu atunge sheria bila bunge. Kura 444 ndiyo, 94 hapana. Wale 94 ni wa chama cha Social Democrat peke yao. Wakomunisti hawakuwamo ukumbini, wako jela au wamejificha.

Shangazi Ruth: Na hao 444 wote walikuwa Wanazi?

Bamkubwa Elia: Hapana! Ndiyo maana nasema. Wengine waliogopa, maana vijana wa mashati ya kahawia walijaa ukumbini na kwenye korido. Chama cha Wakatoliki kiliahidiwa barua ya kulinda haki zao wakipiga kura ya ndiyo. Wakapiga. Barua haikuja mpaka leo.

Kaka Goddy: Kama mchango wa baba mdogo fulani humu 👀

Baba Neema: Nitatuma mwisho wa mwezi Goddy, usinitafute

Bamkubwa Elia: Kufika Julai 1933 vyama vingine vyote vimefutwa. Agosti 1934 mzee Hindenburg akafariki, Hitler akaunganisha urais na ukansela, na askari wakaapa kwa jina lake yeye, si kwa katiba. Kwa hiyo Neema, usiandike "alichukua". Andika alikabidhiwa na watu waliodhani watamtumia.

Neema: Mussolini wa Italia naye?

Bamkubwa Elia: Yuleyule tu. Oktoba 1922 wafuasi wake wanatembea kwenda Roma kwenye mvua. Jeshi lingewatawanya. Waziri mkuu akampelekea mfalme amri ya hali ya hatari, mfalme akakataa kusaini. Badala yake akamwita Mussolini aunde serikali. Mussolini hakutembea, alipanda treni ya usiku kutoka Milan, behewa la kulala.

Kaka Goddy: 😂😂😂 Maandamano kwa treni

Baba Neema: Usisahau Uhabeshi. Mimi siku zote nasema vita ile ilianza kwetu huku Afrika, Oktoba 1935, si Polandi.

Bamkubwa Elia: Mchina atakwambia ilianza kwake, Manchuria 1931. Lakini hoja ya baba yako iandike. Mussolini aliingia Ethiopia kulipiza kisasi cha Adwa ya 1896, Wahabeshi walipowapiga Waitaliano. Akamwaga gesi ya sumu kutoka kwenye ndege. Shirikisho la Mataifa likamwekea vikwazo, lakini mafuta hawakuyagusa, na mfereji wa Suez, ambao Mwingereza alikuwa na funguo zake, ukaachwa wazi meli zake zipite. Juni 1936 Haile Selassie akasimama Geneva kuwahutubia, waandishi wa Kiitaliano wakampigia miluzi. Hitler alikuwa anatazama yote hayo.

Neema: Mkondo wa vita sasa. Kwa kifupi bamkubwa, mkono umechoka

Bamkubwa Elia: Gawa mara mbili. Kwanza madikteta wanasonga: Rhineland 1936, Austria Machi 1938, Munich Septemba 1938 (Chekoslovakia inakatwa kipande, wenyewe hawajaalikwa), Polandi Septemba 1, 1939, Ufaransa inaanguka Juni 1940, Hitler anaivamia Urusi Juni 22, 1941, Japani inapiga Pearl Harbor Desemba 7. Halafu wanarudi nyuma: Midway na El Alamein 1942, Stalingrad Februari 1943, Normandy Juni 6, 1944, Hitler anajiua Aprili 30, 1945, Hiroshima na Nagasaki Agosti, Japani inasaini Septemba 2. Basi.

Baba Neema: Na Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu) Burma 1944, bonde la Kabaw. Kaka yake babu alikuwepo. Alirudi na homa na koti zito ambalo alilivaa hata jua la Februari.

Anna (Tengeru): Shikamooni. Niko na bibi, nimekuwa nikimsomea. Anauliza mbona Polandi mmeipita haraka hivyo

Bamkubwa Elia: Marahaba Anna. Mama ana haki. Neema, ongeza hii: Agosti 23, 1939 Hitler na Stalin wa Urusi, maadui wa kuapa, waliwekeana mkataba wa kutoshambuliana, na kwa siri wakagawana Polandi. Mjerumani akaingia toka magharibi Septemba 1, Stalin toka mashariki Septemba 17. Stalin akawapakia Wapolandi wa upande wake kwenye mabehewa ya mizigo, mamia ya maelfu, hadi Siberia na Kazakhstan.

Kaka Goddy: Na bibi anahusikaje hapo?

Anna (Tengeru): Ngoja, anaongea, naandika

Saa 3:10 usiku

Anna (Tengeru): Bibi anasema hivi, naandika kama alivyosema: "Walikuja nikiwa mdogo, nimeshaanza kubeba ndizi za kuuza. Malori yamejaa akina mama na watoto. Wakawekwa hapa njia ya Duluti, nyumba za duara nyingi, zimepakwa chokaa, zimeezekwa nyasi. Tulizoea mzungu ni bwana shamba au mchungaji. Hawa walikuwa wanafua nguo wenyewe, watoto wao pekupeku kama sisi. Nikamuuliza mama, baba zao wako wapi? Akasema vitani."

Neema: Bibi!! Hii hujawahi kusema

Anna (Tengeru): Anasema hamkuuliza

Bamkubwa Elia: Ni kweli kabisa. Hitler alipomgeuka Stalin 1941, Stalin akahitaji marafiki, akawafungulia Wapolandi. Wakashuka hadi Iran, wanaume wakaingia jeshini, ndio baadaye walipigana Monte Cassino, na familia zikaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Tengeru peke yake walikaa kama 5,000, toka 1942. Makaburi yao yapo hadi leo pale kwenye chuo cha mifugo.

Shangazi Ruth: Nayajua. Nimepita pale maisha yangu yote, nikidhani ni ya wamisionari.

Anna (Tengeru): Bibi tena: "Kulikuwa na msichana wa rika langu, nywele rangi ya majani makavu ya mahindi, msuko mmoja mgongoni. Alitaka ndizi, hana hela. Akainama akakata kifungo cha gauni lake kwa meno, akanipa. Nikampa ndizi nne. Akasema jenkuye. Kila nikipita akiniona ananiita, nami namjibu jenkuye, sijui maana yake"

Kaka Goddy: Nimetafuta. Ni Kipolandi. Maana yake asante

Anna (Tengeru): Amecheka. Anasema basi walishukuriana miaka yote ile bila kusalimiana

Neema: Walirudi kwao vita ilipoisha?

Bamkubwa Elia: Wengi hawakurudi. Sehemu kubwa ya ile Stalin aliyoichukua 1939 alibaki nayo, leo iko Ukraine, Belarus na Lithuania. Washindi walikubaliana Yalta Februari 1945, na Polandi iliyobaki ikawekwa chini ya wakomunisti. Waliokuwa hapa wakaenda Uingereza, Kanada, Australia. Vita imeisha, kwao hakuna.

Anna (Tengeru): Bibi anauliza kama yule msichana naye alienda huko kwenye meli

Bamkubwa Elia: Mwambie huenda.

Kaka Goddy: Bibi, kifungo bado unacho? Hitler alikaa kifungoni miezi 9, chako kina miaka 80

Anna (Tengeru): Anasema alikishonea kwenye koti la kipaimara la shangazi Ruth, kile cha juu, cheupe cha pembe. Muulizeni Ruth

Neema: Shangazi???

Kaka Goddy: Shangazi anaandika... ameacha... anaandika tena

Shangazi Ruth: Lile koti nilimwazima rafiki yangu bwenini. Halikurudi.

Mama Neema: Wifi 🙈

Anna (Tengeru): Bibi amesikia. Amenyamaza

Shangazi Ruth: Mwambieni mama Jumamosi nakuja na nyama. Na wengine wote, mchango mwisho Ijumaa.