MREJESHO: Hilux ya injini ya 22R iliyokuwa na mlio wa kugonga upande wa juu wa injini hata baada ya kuseti tapeti

Wakuu wa Arusha na Moshi, shukrani sana. Niliuliza kwa nini injini bado inagonga wakati tapeti (nafasi ndogo kati ya shina la valvu na roka, mkono unaoisukuma) zimeshasetiwa.

Kwanza, ilisetiwa ikiwa baridi. Vipimo vya 22R, 0.20 mm valvu ya kuingiza na 0.30 mm ya eksozi, ni vya injini yenye moto. Kwa baridi ya Julai huku kwetu, kava likifunguliwa joto linakwisha upesi, hivyo spana na fila (bamba jembamba la kupimia nafasi hiyo) ziwe tayari. Pistoni ya silinda ya 1 ikiwa juu kwenye kompresheni (kubana hewa), roka zake zote mbili zinacheza, yaani zimelegea: seti kuingiza 1 na 2, eksozi 1 na 3. Zungusha krenki (shafti kuu ya injini) duara moja kamili, malizia zilizobaki.

Kugonga kwenyewe kulitoka kwenye valvu ya eksozi ya silinda ya 3. Ncha ya skrubu ya roka imelika, ina kishimo cha duara chenye kingo zinazong'aa. Fila inalala juu ya kingo, inasoma 0.30, kumbe shina la valvu lina nafasi kubwa zaidi ndani ya kishimo. Skrubu mpya na nati yake, kelele imeisha.

Msibane skrubu zaidi ya kipimo ili kunyamazisha kelele! Eksozi isiyokaa sawasawa kwenye siti (kiti inapofungia) haipoi, inaungua. Na baada ya kukaza nati pimeni tena, maana huwa inaisogeza skrubu.