Naomba ushauri: kumtumia mdogo wangu korosho na unga wa muhogo Ujerumani

Habari zenu wapendwa. Niko Mtwara mjini. Mdogo wangu yuko Hamburg, kila tukiongea analilia ugali wa muhogo na korosho za nyumbani. Namwelewa kabisa. Mikorosho na mihogo asili yake Brazil, Wareno ndio waliotuletea, lakini leo Mmakonde bila muhogo anaona hajala!

Tatizo ni gharama. Nauli ya unga inazidi bei ya unga wenyewe, na pesa hiyohiyo ndiyo ya ada na mboga. Nawaza nimtumie korosho zilizobanguliwa tu, unga atafute huko kwenye maduka ya Waafrika.

Waliowahi kutuma, korosho mlizikaanga kwanza au mlituma mbichi? Mlifungashaje zisichache njiani? Na ushuru je?