Feni ya gari inazunguka injini ikiwa baridi, nami nimeuziwa rejeta!

Ndugu zangu wenye magari, na hasa ninyi mafundi wa Bukavu mnaopita hapa, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kwa wiki tano Corolla yangu ya mwaka 1997 imekuwa ikiwasha feni ya rejeta mara tu ninapofungua kontakti, kabla hata injini haijawaka, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Ziwa Kivu ukiwa bado umeifunika Nguba. Kiyoyozi kimezimwa, mshale wa joto umelala chini kabisa, na rejeta ukiishika ni baridi kama jiwe la mtoni. Hata hivyo feni inavuma, na haitulii mpaka nizime.

Fundi wa kwanza, pale Nyawera, alisikiliza kwa nusu dakika akasema, «Papa, gari yako inachemka.» Nilimwonyesha mshale, akanijibu kwamba mshale umekufa. Alinifungia rejeta nyingine kwa dola 70, na nilipoidai ile ya zamani akasema ilikuwa imeoza, ameshaitupa. Siku mbili baadaye nilipita hapo nikaiona imeegemezwa ukutani, imepakwa rangi nyeusi, ikimngoja mjinga mwenzangu. Feni yangu, bila shaka, ilikuwa ingali inazunguka.

Wa pili, njia ya kwenda Panzi, ndiye aliyenikera zaidi, kwa sababu alikuwa na uhakika. Aliing'oa thamostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, akaitia mfukoni, akisema, «Papa, hiki ni cha Ulaya kwenye baridi, huku kwetu milimani kinaua magari.» Maneno haya nimeyasikia katika garaji nyingi za mji huu, na ni ya hatari. Thamostati ya gari hili hufunguka kwenye digrii 82 hivi ili injini ipate joto lake upesi na kubaki nalo. Ukiiondoa, injini inatembea nusu baridi, inaongezewa mafuta bila sababu, nami ndiye ninayelipa petroli hiyo. Kama kweli alikuwa anaogopa milima, angekagua kifuniko cha rejeta, kwa kuwa hapa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye digrii 95 hivi, na kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko hicho. Hakukigusa.

Aliyenitoa katika aibu hii ni kijana wa karibu na Essence anayetengeneza umeme wa pikipiki, ambaye hana hata bango. Alichomoa plagi ya swichi ya joto, akachukua kipande cha waya, akaunganisha waya wa plagi na bodi ya gari. Feni haikunyamaza. Akaufuata waya ule kwa vidole mpaka nyuma ya taa ya mbele, akauvuta kidogo, ukanyooka kama mpira: ganda lilikuwa zima, lakini ndani shaba ilikuwa imekatika na kugeuka kijani. Aliuunga, feni ikanyamaza. Alinitoza dola 5.

Alinieleza pia, bila kiburi, kwamba katika Corolla za umri huu swichi hiyo inafanya kazi kinyume na tunavyodhani. Injini ikiwa baridi, swichi imefunga, umeme unapita, rele, yaani swichi ya umeme inayoiendesha feni, inavutwa na feni inakaa kimya. Maji yakifikia digrii 93 hivi, swichi inaachia na feni inaanza. Kwa hiyo waya ukikatika, kwa rele hiyo ni sawasawa na maji kuwa moto. Walioliunda walikusudia hivyo, kwani ni heri feni isumbue masikio kuliko kichwa cha injini kupinda. Magari mengi mapya nayo kompyuta yake huwasha feni ikipoteza mawasiliano na kihisi cha joto. Feni inayoendelea dakika chache baada ya kuzima injini ya moto ni jambo jingine, na katika magari mengi ni kawaida.

Sasa niambieni: mtu anayejiita fundi anashindwaje kupima waya mmoja kabla ya kunivulia rejeta nzima? Feni inayozunguka juu ya injini baridi ni habari ya umeme, na jibu lake halikuwahi kuwa ndani ya maji. Nimerudi Panzi mara mbili kudai thamostati yangu, na mara zote mbili bwana huyo «ametoka kidogo».

Anayejua duka la hapa mjini lenye thamostati ya digrii 82 ya injini hii, pamoja na gasketi yake, aniandikie bei, na mimi ndiye nitakayesimama hapo wakati inafungwa.