Re: Nyumba nilizochora Kigogo zimefutwa, nimwamini nani?

Kutoka: Binti wa Kigogo, Leicester

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za mihangaiko.

Naomba ushauri. Kwa muda sasa, nikishatoka kazini na kuwalaza watoto, nakaa kwenye laptopu nachora nyumba za Kigogo na Mburahati, kule Dar, kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa kufuata picha za setilaiti. Nimekulia kule, kwa hiyo hata kuchora paa la mtu naona kama nimepita kumsalimia. Juzi nafungua, nakuta safu nzima ya nyumba upande wa bondeni imefutwa, na uchochoro niliouandikia jina umepewa jina jingine. Aliyefanya hivyo simjui. Ana jina la mtumiaji lisilofanana na jina la mtu, na maelezo aliyoacha ni maneno mawili: "si kweli".

Nimeumia. Hapa tupo Watanzania kadhaa tuliokuwa tunapanga kuanzisha kikundi cha kuchora mitaa ya nyumbani, hasa ile inayojaa maji kila masika. Sasa wenzangu wananiuliza: tutatoaje muda wetu mahali ambapo mtu asiye na sura anaweza kufuta kazi yetu na asiulizwe? Sina jibu la kuwapa. Aliye Dar na anayeifahamu kazi hii anisaidie.

---

Kutoka: Kaka wa Tabata, Dar es Salaam

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa kazi, na pole zaidi kwa hayo maneno mawili. Mtu aliyetoa usingizi wake kwa ajili ya mtaa hastahili kujibiwa hivyo, hata kama aliyejibu ana haki.

Kabla sijakuandikia nimefungua historia ya eneo hilo. Hakuna kilichopotea. Ramani ile hutunza kila badiliko: nani kafanya, lini, kagusa nini, na chanzo chake kama amekitaja. Nyumba iliyofutwa hurudishwa. Ukibofya jina la huyo mtu utaona kila alichowahi kuchora tangu alipofungua akaunti. Nimeangalia. Kazi zake ziko Kigogo, Mchikichini, Jangwani na kandokando ya Mto Msimbazi, na sehemu nyingi ameandika kuwa chanzo ni kufika mwenyewe. Kwa hiyo sura yake hatuijui, ila miguu yake imepita pale. Mimi huyo simwiti mtu asiyejulikana. Wapo watu ninaowajua kwa sura na kwa ukoo ambao siwezi kuwafuatilia hivyo.

Sasa hizo nyumba. Picha ya setilaiti unayoichora inaweza kuwa imepigwa miaka kadhaa nyuma. Ulipoondoka, bonde lilikuwa limejaa nyumba. Mwishoni mwa 2015 kulikuwa na bomoabomoa kubwa bondeni Msimbazi, nyumba zinapigwa alama ya X nyekundu kisha tingatinga linafuata. Baadaye ukaja mradi wa kuliendeleza bonde kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na watu wengine wakalipwa fidia wakahama. Paa linaweza kuonekana vizuri kabisa kwenye skrini yako kule Leicester wakati hapa panaota majani. Kanuni ya ramani hii tangu zamani ni kwamba watu wakibishana, kilichopo ardhini ndicho kinachoandikwa. Mwenye kufika anamzidi mwenye picha.

Naomba uelewe pia kwa nini vijana wa huku ni wakali kidogo. Nilikuwa Uholanzi miaka mingi, na nikiwa kule niliona ramani ni kazi ya kompyuta tu. Niliporudi nikaanza kutembea na vijana mitaani ndipo nikaona uzito ulipo. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza hapa mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walipita mitaani pamoja na wakazi, wakaandika mitaro, wakapima upana na kina chake, wakaonyesha maji yanapokwama. Kabla yake, mwaka 2011, ilichorwa Tandale. Mwezi Desemba mwaka huohuo ndipo yalipokuja yale mafuriko ambayo baadaye watu wa bondeni walipewa viwanja Mabwepande. Kwa hiyo faida ya ramani watu wanaijua. Lakini wanaijua pia ile X. Kijana akisimama mlangoni kwa mama mmoja na simu mkononi, swali la kwanza ni: mmekuja kubomoa?

Kujibu swali hilo si suala la programu. Unaanzia ofisi ya serikali ya mtaa, unajitambulisha kwa mwenyekiti na mtendaji, unapewa mjumbe wa kutembea naye. Unaeleza kwamba hauandiki jina la mwenye nyumba wala habari za nani anaishi na nani. Unaonyesha kwenye simu unachokiandika. Siku nyingine mama anakuruhusu, siku nyingine anakwambia rudi mume wangu akiwepo, na unarudi. Baada ya hapo, ramani ikionyesha kitu cha uongo, anayefuatwa kijiweni si mtu wa Leicester wala wa Rotterdam. Anafuatwa yule kijana. Yeye ndiye aliyeweka dhamana ya uso wake. Sisi tulio mbali, au tuliokuwa mbali, tunachora kwa imani ambayo mtu mwingine ameitolea jasho mtaani, na sidhani kama tunalikumbuka hilo vya kutosha.

Kuhusu jina la uchochoro: hapo hakuna haja ya mshindi. Uwanja wa Taifa umekuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa tangu 2020, na bado wapo wanaosema Taifa. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 njia nyingi zimewekewa vibao, na pengine jina la kibaoni si lile watu wanalolitaja kwa dereva wa bodaboda. Ukienda Tandale ukauliza "kwa Mtogole", utafikishwa. Ramani ina nafasi ya jina rasmi, nafasi ya jina la zamani na nafasi ya jina la mtaani. Yote yanaingia. Jina ulilolibeba wewe tangu utotoni lina thamani kwa sababu vijana wa sasa huenda hawalijui kabisa, ila liandikwe mahali pake.

Alichokosea huyo ndugu ni namna. Aliyefuta kazi ya mwenzake anadaiwa sentensi nzima: nimefika tarehe fulani, nyumba hizi hazipo. Usimfuate kwa kumshtaki, wala usirudishe ulichochora kwa hasira. Ukirudisha, naye akafuta, ukarudisha tena, kitakachokuwa kinaandikwa hapo ni ugomvi. Kila fungu la mabadiliko lina mahali pa kuandika maoni, na mwenyewe anapata taarifa. Andika hivi: "Habari ndugu. Nimekulia Kigogo, sasa naishi Uingereza. Naona umeondoa nyumba za upande wa bondeni. Je, zimebomolewa? Na uchochoro huu sisi tuliuita hivi, siku hizi unaitwaje?" Mtu aliyefika mwenyewe hufurahi kuulizwa. Asipojibu, tuandikie hapa, nitamtafuta kupitia vijana wa eneo lile.

Kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ipo tangu 2003, utaratibu ni uleule: kila makala ina historia yake na ukurasa wa majadiliano, na mchangiaji anayejibu akiulizwa ndiye watu wanayemsikiliza baadaye.

Na usidhani mtu wa ughaibuni hana kazi hapa. Haiti ilipotetemeka tarehe 12 Januari 2010, watu walituma ujumbe mfupi kwa namba 4636 kuomba msaada, wengi kwa Krioli. Wahaiti waliokuwa nje ya nchi, pamoja na wengine waliojitolea, ndio waliozitafsiri jumbe zile na kusema mahali palipotajwa ni wapi. Mtu akiandika tu jina la kona ambalo halimo kwenye ramani yoyote, Mhaiti wa mbali alilijua kwa sababu alikua pale, na asipolijua aliwauliza wenzake waliokuwa mtandaoni saa ileile. Wakati huohuo wachoraji wa OpenStreetMap kutoka nchi mbalimbali walikuwa wakichora barabara za Port-au-Prince. Kumbukumbu ya Wahaiti wale ilikuwa na faida kwa sababu iliungana na watu waliokuwa kwenye tukio. Kumbukumbu yako ya Kigogo ni ya aina hiyo.

Kwa kikundi chenu, chukueni mfano wa upatu. Kijumbe hampi mgeni zamu ya kwanza. Mgeni anatoa, anatoa tena, watu wanamwona, kisha zamu yake inafika. Anzeni na kipande kidogo kwenye ule mfumo unaogawa eneo kuwa miraba: mmoja anachora mraba, mwingine mwenye uzoefu anauhakiki. Ukirudishiwa mraba wako na maelezo kwamba mabati yaliyobanana umeyachora kama nyumba moja, ipokee hiyo kama shule. Uswahilini mapaa yanagusana, na hata sisi tunaopita chini tunahesabu kwa milango.

---

Kutoka: Mzee wa Minneapolis

Nawasalimu wote. Nimesoma kwa makini, kaka wa Tabata umesema vizuri. Lakini naona kuna njia fupi. Sisi tuchange hapa, tuwanunulie vijana simu na bando, kisha wao wafuate orodha yetu ya mitaa. Na majina tuyachukue tu kwenye ramani ya Google, yamo mengi, tumalize mapema kabla ya masika. Kuna ubaya gani?

---

Kutoka: Kaka wa Tabata, Dar es Salaam

Shikamoo mzee wangu.

La Google hapana, na hapo sina namna ya kulainisha. Majina yale yana mwenyewe, na masharti hayaruhusu kuyahamishia kwenye ramani huria yenye leseni yake. Likigundulika, kazi yote ya kikundi inaweza kuondolewa, ikiwemo ile mliyoifanya kwa haki. Kubwa kuliko hilo, chanzo ndicho kinachotufanya tuaminiane. Mwenzangu akiandika "nimefika", nategemea kwamba amefika kweli.

La fedha nakuomba tuliache kwanza. Si kwamba vijana hawahitaji bando, wanalihitaji sana. Lakini fedha ikiingia kabla ya kujuana, maswali yanakuwa ya fedha: nani kapewa simu, kwa nini mtaa ule na si huu, risiti iko wapi. Na kijana akilipwa na watu wa nje ili afuate orodha yao, mjumbe akimuuliza ametumwa na nani hatakuwa tena na jibu jepesi. Nimeona kikundi kizuri kikivunjika kwa simu mbili tu. Mchango ukija baadaye, uwe na mweka hazina wake na daftari lake, mbali na akaunti za kuchora, na orodha ya mitaa itoke kwa wanaotembea. Wao ndio wanaojua mtaro gani umeziba mwaka huu.

Jambo jingine kwa kikundi cha Leicester: jitangazeni. Tangu 2018 upo mwongozo wa OpenStreetMap kwa makundi yanayochora pamoja. Unataka muandike wazi ninyi ni nani, mnachora wapi, kwa lengo gani, na anayeulizwa ni nani. Tumieni alama moja kwenye maelezo ya mabadiliko yenu ili mtu wa Dar akiiona ajue pa kupiga hodi.

Tukutane Jumamosi kwa simu ya kikundi, saa mbili usiku ya hapa. Kwa majira haya ya baridi Leicester itakuwa saa kumi na moja jioni, na kwako mzee saa tano asubuhi.

---

Kutoka: Binti wa Kigogo, Leicester

Ahsante sana kaka. Nilimwandikia kama ulivyoelekeza, na amejibu usiku uleule. Kumbe ni mwanafunzi, anaishi Mchikichini. Ameomba radhi kwa maneno yale, anasema siku hiyo alikuwa na maeneo mengi ya kupitia na bando lilikuwa linaisha. Nyumba nyingi za ile safu hazipo kweli. Lakini nilipomuuliza moja moja, tatu za mwisho karibu na daraja la miguu hana hakika nazo, hakufika hadi kule. Amesema atapita Jumapili na mjumbe, zikiwepo atazirudisha mwenyewe. Jina la uchochoro nililoandika bibi yake analijua, kwa hiyo limeingizwa kama jina la mtaani chini ya lile la kibaoni.

Nimemkaribisha kwenye simu ya Jumamosi. Ameniuliza kama kuna mtu hapa anayekumbuka mtaro wa zamani uliopita nyuma ya shule kabla haujajengewa juu, kwa sababu maji bado yanatokea hapohapo. Mimi siukumbuki. Waliosoma pale kabla yangu, tafadhali jitokezeni.