Wingi wa damu 15, oksijeni 99, lakini kila asubuhi kichwa kinataka kupasuka. Naombeni ushauri

Mkulima_Ubena
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwanaume, 40 bado sijafika, naishi Njombe huku kwenye baridi. Tangu mwezi wa sita ulivyoingia naamka kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu, nikipanda kale kamlima ka kwenda barabarani moyo unakimbia mpaka nasimama nijifanye naongea na simu. Ikifika saa saba mchana kinaachia chenyewe, jioni niko freshi kabisa, kesho yake tena. Nimepima malaria hamna, taifodi hamna, presha sawa, wingi wa damu 15. Halafu nina kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, nilinunua kipindi cha korona, kinasoma 98, 99. Sasa damu ipo na oksijeni ipo, tatizo liko wapi? Wife naye alikuwa hivihivi ila kaenda kwao Makambako kupumzika, ananiambia kule kichwa kimepona. Nitajieni dawa ya kuanzia, matusi sitaki.

Kijana_wa_Ilala
Mkeo akiwa kwako kichwa kinauma, akienda kwao kinapona. Mkuu ugonjwa ni wewe 😂😂

Dada_Mwajuma
Pole kaka. Chemsha rozela, saga na bitiruti, kunywa asubuhi na jioni. Mimi nilivyojifungua wa pili damu ilishuka mpaka 7, hospitali wananiambia niongezewe, mama mkwe akagoma, akawa ananipikia matembele na maini kila siku mpaka nikayachukia hadi leo nikiona maini buchani nageuza njia. Ila damu ilipanda.

Mkulima_Ubena
Dada asante ila yangu ni 15, haijapungua.

Dada_Mwajuma
Kunywa tu kaka.

Askari_wa_Sala
Hiyo nyumba mlinunua au mlijenga? Kama mlinunua, aliyewauzia alihama kwa sababu gani? Usipuuze.

Maabara_Mkoani
Mkuu, kabla ya rozela na mapepo. Unapikia nini na wapi?

Mkulima_Ubena
Gesi, na jiko liko nje. Ndani hakuna jiko la kupikia.

Maabara_Mkoani
"La kupikia". La kazi nyingine lipo?

Mkulima_Ubena
Sioni hilo linahusiana vipi na damu. Chumba cha pili nina bruda, nalea vifaranga chotara. Kuna jiko la mkaa mle la kuwapa joto, ila mkaa nauwashia nje mpaka ukolee wote uwe mwekundu ndo naingiza, hauna moshi hata chembe. Kwani bruda nalo ni jiko?

Maabara_Mkoani
Dirisha la hicho chumba? Na ukuta wa kwenda kwako umefika juu?

Mkulima_Ubena
Dirisha nimeziba nailoni, nyie baridi ya mwezi wa saba huku mnaisikia redioni tu. Ukuta haujafika juu, silingibodi bado, mambo yanaenda polepole.

Maabara_Mkoani
Basi leo usilale humo. Wewe unaogopa moshi, kinachokuumiza ni kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi na mkaa uliokolea vizuri unaitoa kama kawaida. Hemoglobini kwenye damu yako ina sehemu nne za kubebea oksijeni, kila moja ina chuma katikati, ichukulie ni probox ya siti nne. Oksijeni inapanda kwenye mapafu inashukia kwenye ubongo, moyo, misuli. Hiyo gesi ya mkaa inapanda siti zilezile ila inang'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ubaya wa pili watu hawausemi, ikishakaa siti moja zile oksijeni zilizobaki nazo zinagoma kushuka, zinazungushwa mwili mzima zinarudi zilikotoka. Ndiyo maana kipimo cha wingi wa damu ni 15, magari yote yapo! Na kidude chako cha kidoleni kinatumia taa mbili, nyekundu na ile isiyoonekana, na damu iliyobeba hiyo gesi kwenye ile nyekundu inaonekana karibu sawa na iliyobeba oksijeni, kwa hiyo 99 yako inajumlisha na sumu. Ukitoka nje ukavuta hewa safi, nusu yake inaondoka kwa kama saa nne mpaka sita, hesabu mwenyewe kwa nini saa saba mchana unapona.

Kijana_wa_Ilala
Probox ya siti nne iko wapi hiyo, huko kwao wanapakia tisa na mbuzi 😂

Mzee_Bucha
Huyo Maabara kanikumbusha. Wateja wangu wakiona maji mekundu kwenye sinia wanasema damu haijatoka vizuri. Damu ilibaki machinjioni, ile ni mayoglobini, iko kwenye msuli wenyewe, siti yake moja tu, kazi yake kushika akiba ya oksijeni msuli ukibanwa. Ndo maana kuku wa kisasa kifua cheupe, hajawahi kuruka maisha yake yote, paja ndo lina rangi. Njiwa kifua cheusi kabisa. Kuna jamaa alinirudishia kilo mbili za paja la ng'ombe eti nimempa nyama ya punda kwa sababu ni nyekundu sana, tulifika mpaka kwa mtendaji.

Maabara_Mkoani
Sahihi mzee, na hiyo gesi inaingia mpaka kwenye mayoglobini, ya moyo ikiwemo. Ndo huo moyo wa mlimani.

Mkulima_Ubena
Nawasikia lakini vifaranga ndo wanalala nalo kabisa, mbona wazima? Mwezi uliopita nilikuta wamekufa wengi wamelundikana kona, hiyo ilikuwa baridi, nikaongeza mkaa. Taa za umeme nimepiga hesabu, luku inanimaliza kabla kuku hajafika sokoni. Na wengine wanakuja Ijumaa, nimeshalipia.

Maabara_Mkoani
Wachimba makaa ya mawe Uingereza walikuwa wanashuka mgodini na ndege kwenye kitundu, waliendelea mpaka 1986, ndege akianguka wanajua hiyo gesi ipo, wanakimbia. Wako wameanguka ukaongeza mkaa.

Kasuku_Tanga
Jamani mnakunywa chai bila kujua. Hii ni kesi ya kitabuni! Sisi mwaka wa kwanza bayokemia tulipewa hivihivi, mgonjwa damu kawaida, oksijeni kawaida, mwenza akihama anapona, jiko linatokea ukurasa wa pili. Nakumbuka mpaka Perutz na Kendrew, wale waliogundua umbo la hemoglobini na mayoglobini, Nobeli ya 1962, na huyo Kendrew mayoglobini yake ilikuwa ya nyangumi. Dogo kapewa asaimenti, na Maabara ni yeye mwenyewe kwa akaunti nyingine, anajiuliza anajijibu. Mfugaji wa kuku na oksimita ya kidoleni wapi na wapi?

Kijana_wa_Ilala
Nilijua tu. Vijijini hakuna anayesema "oksijeni 99".

Dada_Mwajuma
Kwa hiyo rozela yangu nimeitoa bure?

Mkulima_Ubena
Kasuku unanikosea heshima. Picha ya bruda hiyo hapo juu, nailoni inaonekana, jiko linaonekana. Mtu ambaye mke wake ana mimba ya miezi sita atakaa atunge hadithi ili iweje?

Maabara_Mkoani
Mimba?! Ulisema kaenda kupumzika.

Mkulima_Ubena
Si ndo kupumzika.

Kasuku_Tanga
Kesi ya kitabuni mimba nayo ilikuwemo, ila haya.

Maabara_Mkoani
Kasuku hata kama ni chai, kuna mwingine anasoma na jiko liko chumbani. Mkulima, hemoglobini ya mtoto tumboni inashika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, ndivyo anavyomnyang'anya. Hii sumu ikiingia kwake inajaa zaidi na inachelewa kutoka. Mama aende kliniki awaambie alikuwa analala na mkaa, aseme hivyohivyo, kupona kwa kichwa chake hakusemi kitu kuhusu mtoto. Na wewe nenda, ikibidi wanakuwekea oksijeni ya mtungi inaisukuma haraka.

Mkulima_Ubena
Nimempigia, anaenda kesho na mama yake. Mimi nimeamua nailoni nitoboe kwa juu na jiko nilitoe nikilala, mchana nalirudisha. Ijumaa siwezi kuahirisha, hela ya watu.

Maabara_Mkoani
Mchana nani anaingia mle kuwawekea maji?

Mkulima_Ubena
Mimi.

Mzee_Bucha
Hamisha bruda, acha ubishi. Lipo banda la nje kwenye hiyo picha yako, naliona, umeweka mbao na pikipiki.

Mkulima_Ubena
Lile linavuja, mzee. Ila tuseme nikiweka turubai juu...

Kijana_wa_Ilala
Mkuu hao chotara jogoo mmoja unauzaje?