Simu za mkopo zinazojifunga zenyewe: tupeane uzoefu

Mkaazi wa Umoja
Wenzangu, jana jioni nikitoka tao nilikaa na kijana kwenye matatu, anaongea na simu, mara sauti ikakatika. Akaitazama skrini: maandishi meupe, nambari ya kulipia, kiasi anachodaiwa, basi. Alikuwa anaelekezwa mahali pa kuripoti kazini leo asubuhi na hakuwa ameandika popote. Imenikumbusha mengi, maana nami niliwahi kuwa na simu ya aina hiyo, ile unayolipia kidogo kidogo kila siku na usipolipa inajifunga. Hebu tupeane uzoefu: mlionunua, mliouza, mafundi. Ni haki kweli mtu afungiwe simu aliyokwisha kulipia zaidi ya nusu? Na ikijifunga, nyinyi hufanyaje?

Bin Mutindwa
Nusu gani? Mimi ilibaki shilingi mia tatu. Ilijifunga Jumapili nikiwa kanisani, nasoma Biblia humo humo.

Kipepeo
Zinauma hizi simu. Acheni tu.

Mama Wawili, Kayole
Nimesoma nikatetemeka. Acheni niseme yangu hata kama ni ndefu.

Ulikuwa msimu wa mvua na mume wangu alikuwa safarini Mombasa na lori. Kitinda mimba wetu ana pumu. Usiku wa manane akaanza kubanwa kifua, na kile kifaa cha kuvuta dawa kilikuwa kimeisha. Nikashika simu nimpigie boda wa steji yetu, kijana ambaye huamka saa yoyote ukimpigia. Simu imefungwa. Na nilikuwa nimelipa jioni ile! Ujumbe wa M-Pesa ninao, lakini uko ndani ya simu iliyofungwa, sasa nitamwonyesha nani?

Nikamgongea jirani, akatoka na leso kiunoni. Akapiga nambari ya huduma kwa wateja iliyoandikwa pale kwenye skrini. Muziki, muziki, halafu sauti ya kurekodiwa ikatuambia saa za kazi. Nikamwomba alipe tena ya siku moja kutoka kwa simu yake, nitamrudishia. Akalipa. Kwake ujumbe ukaja hapo hapo kwamba malipo yamepokelewa. Yangu kimya. Ndipo mwanawe wa kidato cha tatu akaichukua, akaisogeza machoni, akasoma maandishi madogo ya chini kabisa: "Unganisha intaneti ili kufungua kifaa."

Sasa niambieni, niunganishe vipi? Bando langu lilikwisha saa sita usiku. Ile skrini hairuhusu kuvuta pazia la juu uguse data au waifai. Kijana akawasha hotspoti ya mama yake, lakini kwangu hakuna pa kuichagua wala pa kuandikia neno la siri. Mtu aliketi ofisini akaandika programu inayodai intaneti, halafu akaziba kila njia ya kuifikia intaneti. Akaijaribu kwenye simu ya nani, yenye bando la nani?

Tulitembea mpaka lami, mtoto mgongoni, jirani anatumulikia kwa simu yake, mvua haitaki kukoma. Boda wa kwanza akakataa, wa pili akatubeba. Mtoto alipata nafuu, Mungu ni mkubwa. Hospitalini daktari aliuliza jina la dawa aliyopewa mara ya mwisho. Picha ya karatasi ya dawa iko wapi? Ndani ya simu. Ilifunguka kumekucha, jirani alipopata wazo la kuninunulia bando kwa nambari yangu. Ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa wa kampuni, unanishukuru kwa kulipa.

Nilimaliza deni. Sijawahi kuweka tena pesa ya kulipia mkopo mbele ya pesa ya unga, na sitawahi.

Kipepeo
Mama, pole sana. Nimelia.

Bin Mutindwa
Pole dada. Mtoto yuaendeleaje siku hizi?

Mama Wawili, Kayole
Yuko sawa, asante. Anasoma, anacheza mpira.

Taslimu Daima
Pole mama, lakini kuna kitufe cha dharura kwenye hiyo skrini. Ungepiga 999 au 112. Na kwa jumla watu waache mikopo. Kama huna pesa ya simu, weka akiba mpaka itoshe.

Boda wa Taj
@Taslimu Daima, wewe hujawahi kuita gari la wagonjwa Kayole saa nane usiku. Nyamaza kidogo. Na hiyo akiba unayosema, mimi kazi yangu yenyewe iko ndani ya simu. Bila simu ya kuona ramani na kupokea wateja hakuna pesa ya kuweka akiba. Nilianzia wapi? Kwa mkopo. Nashukuru niliupata, kwa sababu benki ingenifukuza mlangoni.

Taslimu Daima
Sijamtukana mtu. Nasema hesabu. Simu ya elfu kumi na nne dukani, wanachukua elfu tatu mwanzo, halafu sabini na tano kila siku mwaka mzima. Piga mwenyewe: 30,375. Hiyo ni simu mbili.

Boda wa Taj
Hesabu ninaijua vizuri, maana niliilipa mimi. Onyesha basi mahali pengine ambapo mtu wa boda atapewa simu leo bila mdhamini.

Ajenti Zamani
Nimewahi kuuza hizi simu, nikiwa na mwavuli wangu kando ya barabara. Acheni niseme upande mwingine bila kutukanwa. Watu huchukua simu, wakalipa wiki mbili, wakaiuza mashambani. Ajenti naye anakatwa kamisheni. Bila kile kifungo cha kuifunga simu hakuna kampuni ingempa mtu wa mtaa wa Pipeline simu kwa kitambulisho pekee. Mtindo huu ulianza na taa za sola: usipolipa, taa haziwaki. Mwaka 2020 Safaricom na Google wakaja na Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi ishirini kwa siku, na watu wengi waliotumia kabambe, zile simu ndogo za vitufe, ndipo wakaonja intaneti mara ya kwanza. Hilo ni jambo zuri, tusilifiche.

Lakini Mama Wawili ana haki kabisa. Kazi ya kifungo ni kukumbusha mtu deni. Anayefungiwa akiwa amelipa amedhulumiwa. Tulikuwa tukipeleka malalamiko haya juu na tunaambiwa "mtandao una shida, mteja asubiri". Mteja asubiri nini, na simu ndiyo mkono wake?

Fundi wa Luthuli
Wengi mnadhani ni programu ya kawaida mnayoweza kufuta. Sivyo. Simu inapowashwa mara ya kwanza, ile programu inapewa mamlaka ya juu kabisa ya Android, juu ya mwenye simu. Inaweza kufunga skrini, kuzuia mipangilio, kukataa isifutwe. Na nyingine zimesajiliwa kwa IMEI, nambari ya utambulisho ya simu, kwenye seva ya kampuni, kwa hivyo hata ukifomati, yaani kufuta kila kitu, ikigusa tu intaneti inavutwa tena na kufungwa upya. Ndiyo maana kila wiki naletewa simu iliyonunuliwa "bei ya kutupa" mtaani, imefanya kazi vizuri siku chache, kisha giza. Aliyeuza keshatoweka.

Ukinunua simu iliyotumika, fomati mbele ya muuzaji, kisha iunganishe intaneti hapo hapo mkiwa pamoja, iwashe mpaka mwisho. Ikikuandikia kwamba inasimamiwa na shirika fulani, mrudishie. Bonyeza *#06#, ulinganishe IMEI na ya kwenye boksi.

Ya Mama Wawili: toa laini, itie kwenye simu yoyote, hata kabambe ya jirani. M-Pesa yako na nambari yako viko kwenye laini, havifungwi. Na kama data ilikuwa imewashwa ila bando limekwisha, mtu akununulie bando kwa nambari yako, kama jirani alivyofanya. Kama data ilikuwa imezimwa, hapo hata mimi mikono juu.

Kipepeo
Laini! Mbona hakuna anayetuambia haya wakati wa kununua?

Mtoto wa Githurai
Mimi nilimpelekea fundi yangu akabadilisha IMEI kwa elfu moja na mia tano, ikaisha. Msihangaike.

Fundi wa Luthuli
Usiwadanganye watu. Kubadilisha IMEI ni kosa la jinai chini ya sheria ya mawasiliano ya Kenya. Sifanyi na sitafanya.

Mtoto wa Githurai
Na wao kunifungia simu niliyolipia si kosa?

Fundi wa Luthuli
Hilo peleka kwa wanaohusika. Mimi nitafungwa nikuache wewe na simu yako?

Mzee wa Kariokor
Mnanikumbusha mwisho wa Septemba 2012. Tume ya mawasiliano, enzi hizo ikiitwa CCK, iliagiza simu bandia zizimwe. Simu zaidi ya milioni moja zikafa kwa usiku mmoja. Mimi nilikuwa na kile kisimu cha laini mbili chenye redio na spika ya kuamsha mtaa. Nimelala nacho kizima, nimeamka hakina mtandao. Dukani nilipewa risiti, hakuna aliyeniambia ni bandia. Aliyeniuzia hakuzimwa, nilizimwa mimi.

Ajenti Zamani
Mzee, ile ilikuwa serikali na ilitangaza mapema. Hii ni mkataba wa watu wawili.

Mzee wa Kariokor
Mkataba wa watu wawili ambao mmoja peke yake ndiye ana ufunguo? Kijana, mimi nimepanga nyumba miaka mingi. Hata landilodi akitaka kunifungia mlango lazima aende mahakamani kwanza.

Bin Mutindwa
Hapo mzee amepiga msumari.

Wakili Mwanafunzi
Niongeze ya sheria, kwa kifupi. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali ziliwakataza kutisha wadaiwa, kuwatukana na kupigia watu walio kwenye orodha yako ya simu bila idhini. Desemba 2024 sheria ikapanuliwa, wakopeshaji wengine wasiopokea amana, pamoja na wa nunua sasa ulipe baadaye, wakaingia chini ya Benki Kuu. Kwa hivyo msikubali kuambiwa "sisi tunauza simu, hatukopeshi".

Kama wamechukua majina kwenye simu yako na kuyatumia, hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya Kamishna. Si ofisi ya mapambo. Septemba 2023 ilitoza kampuni moja inayokopesha pesa kupitia simu faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia nambari za watu kuwatumia vitisho. Malalamiko unaandika mwenyewe mtandaoni, huhitaji wakili.

Maoni yangu: kifungo kisiguse simu za kupiga na kupokea, wala M-Pesa. Wafunge video, wafunge michezo, wafunge kamera. Deni litalipwa tu.

Taslimu Daima
Hapo nakubaliana nawe asilimia mia. Na @Mama Wawili, Kayole, nisamehe kama maneno yangu yalikuumiza.

Mama Wawili, Kayole
Hakuna neno.

Dereva wa Usiku
Kuna kitu hamjagusa. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha. Siku moja kabla Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina mpango wa kuzima intaneti. Jioni ikalegea nchi nzima. Tukaelezwa ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari, na wengi mpaka leo hawajaridhika na jibu hilo. Mimi nilikuwa karibu na Ngara na abiria wawili wanaoogopa, nimelipa ya siku, na simu haifunguki kwa sababu haifikii seva. Ramani hakuna, kupiga hakuna. Niliendesha kwa kukumbuka barabara na kuuliza askari wa lango kila kona nijue pa kupita.

Kwa hivyo mnapojadili mkataba wa kampuni na mteja, jueni kuna mtu wa tatu, yule mwenye uwezo wa kulegeza mtandao. Akilegeza, aliyelipa na asiyelipa wote wanafungwa pamoja. Na tusidhani haiwezi kurudi. Novemba 2023 na tena Novemba 2024, wakati wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Telegram ilibanwa nchi nzima kwa ajili ya wezi wa mitihani. Dada yangu huuza vitenge humo. Hana mtoto wa kidato cha nne.

Boda wa Taj
Lakini mitihani ilikuwa inavuja kweli.

Dereva wa Usiku
Basi wakamatwe wanaovujisha.

Boda wa Taj
Walikamatwa wengine. Sisemi wazime, nasema shida ipo.

Mkaazi wa Umoja
Tafadhali turudi kwenye simu, ya Telegram tuifungulie mjadala wake. Aliye na ushauri wa mtu anayetaka kununua leo?

Kipepeo
Anunue kabambe ya keshi. Haijifungi na chaji inakaa wiki.

Ajenti Zamani
Achukue, lakini alipe mapema ya wiki nzima, asingoje saa ya mwisho. Na kabla ya kuweka kidole, aulize: nikilipa na sina bando, itafunguka? Ajenti akigugumia, aondoke.

Mtoto wa Githurai
Asilipe mapema! Nililipa ya mwezi mzima, wakaisoma kama ya siku moja, nikafuatilia mpaka nikachoka.

Mama Wawili, Kayole
Aandike nambari za watu wake kwenye karatasi, aibandike ndani ya mlango wa kabati. Na kila ujumbe wa malipo autume kwa nambari ya mtu mwingine.

Mwana Kawangware
Samahani nimechelewa kuingia. Yangu nimemaliza kulipa tangu mwaka jana, nina ujumbe wa hongera kabisa. Lakini kila nikiiwasha bado inaandika kwamba simu inasimamiwa, na kwenye mipangilio kuna sehemu zimefifia, siwezi kugusa. Je, wanaweza kunifungia tena?

Fundi wa Luthuli
Wanaweza, maana mamlaka hawajayaondoa. Wanatakiwa waitoe kwenye seva yao, si kazi ya fundi. Waandikie barua pepe uwape IMEI, namba ya mkataba na tarehe ya malipo ya mwisho, uombe wathibitishe kwa maandishi kwamba wameitoa. Usikubali jibu la mdomo. Wakishathibitisha, hamisha picha zako, fomati, iunganishe intaneti. Ikirudi tena, niletee hapa ghorofani Jumamosi niitazame, nikuandikie ninachokiona uambatishe kwenye malalamiko kwa Benki Kuu. Njoo na risiti, bila risiti sigusi.

Mwana Kawangware
Risiti ninazo zote. Jumamosi nitakuwa hapo.